Protini ipo kila seli, mbona imeshika miguu tu? Jibu kwa dada wa Arua

Dada mmoja wa Arua, kule West Nile kaskazini magharibi ya Uganda, ameniandikia ujumbe mrefu, naufupisha hapa na vitu vya kumtambulisha mtoto nimevitoa:

"Mwalimu habari ya kazi. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka miwili na miezi minne, ukimkalisha anakaa vizuri lakini hajawahi kusimama, miguu imelegea kama kitambaa, akishika kikombe vidole vinatetemeka kidogo. Akili iko sawa kabisa, anaongea mpaka anatuchosha. Hospitali walichukua damu wakapeleka India, majibu yamerudi yanasema jeni ya SMN1 haina eksoni 7, halafu SMN2 kopi tatu. Daktari alikuwa na haraka, akasema ni ugonjwa wa kurithi basi, akaita mgonjwa mwingine. Nimejisomea nikaona SMN ni protini ya kusaidia kukata RNA na ipo kwenye kila seli ya mwili. Sasa kama ipo kila mahali mbona imeshika miguu, isishike ini, isishike macho, isishike akili? Na shangazi yao anasema ni ile chanjo ya corona ya RNA ambayo mama alidungwa. Nisaidie nijue vile nitawaeleza nyumbani."

Dada pole sana, na mdogo wako mpe pole zangu. Ugonjwa ulioandikwa kwenye karatasi yenu unaitwa SMA (spinal muscular atrophy), neva zinazoendesha misuli zinadhoofika. RNA ni nakala ya ujumbe wa jeni, na eksoni ni kipande chake chenye maana, nitaeleza hapo chini. Mimi ni mtu wa maabara, nafundisha mambo ya seli hapa Kampala, sio daktari wa watoto, kwa hivyo dawa nitazitaja lakini mwenye kuandika dawa ni daktari wa neva. Ila hilo swali lako la "mbona miguu" umeligonga pale pale penyewe, watu wenye maabara kubwa wamelifukuza tangu 1995 jeni hiyo ilipopatikana Ufaransa na bado kuna sehemu wanabishana.

Nianze na ya shangazi juu najua ndiyo inayowasha moto nyumbani. Chanjo haimo kabisa. RNA ya chanjo inatoka kiwandani ikiwa imeshapangwa tayari kusomwa, haiingii kwenye kiini cha seli pale DNA inapokaa, inasomwa nje ya kiini na baada ya siku chache imeoza imekwisha. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya India ni pengo kwenye DNA, na pengo hilo mtoto alikuja nalo siku mimba ilipotungwa, kopi moja yenye pengo imetoka kwa baba, nyingine yenye pengo imetoka kwa mama. Ni kama siko seli (selimundu). Siko seli sisi Uganda tunaijua, uchunguzi wa nchi nzima wa 2014 na 2015 ulikuta watoto kama 13 kwa kila 100 wamebeba ile jeni, wazima kabisa wanacheza mpira, mpaka siku mmoja akutane na mwenzake aliyebeba wazae. Hii ya kwenu inarithiwa njia hiyo hiyo, ni vile tu ni nadra zaidi. Hakuna mtu aliyekosea hapo, na huyo mama msimsumbue.

Sasa tuingie kazini. Ili uone mbona miguu, lazima kwanza uone hiyo kazi ya kukata RNA kwa macho, vitabu vinaiita splaisingi, mimi nitaita kukata na kuunga.

Seli inasoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu, kila tatu ni tofali moja la protini. Tuchukue maneno ya Kiswahili ya herufi tatu:

LEO UJI WAO UPO NJE

Inaeleweka, uji wa watu uko nje. Lakini kwenye DNA haijaandikwa hivyo, imeandikwa hivi (nimetumia herufi za RNA, ambapo u inakaa pahali pa t ya DNA):

LEO UJI guaaguxxxxxxxxxxxxxxag WAO UPO NJE

Hiyo mistari ya herufi ndogo hapo katikati inaitwa introni, na vile vipande vyenye maana vinaitwa eksoni. Seli inanakili yote na takataka zake kwenye RNA, halafu inakata introni inaunga eksoni, ndipo RNA inaruhusiwa kutoka kwenye kiini ikasomwe. Sasa angalia mkataji akiteleza herufi moja tu, akala ile W:

LEO UJI AOU PON JE

Umeona? Herufi moja, lakini kuanzia pale kila kitu kimeharibika juu msomaji yeye anaendelea kuhesabu tatu tatu hana habari. Kwa hivyo mkataji lazima apatie herufi ile ile, kwenye kila introni, kwenye kila RNA, mchana na usiku, maisha yako yote.

Na usifikirie introni ni ndogo. Kuna jeni ya distrofini, ile ikiharibika inaleta ugonjwa wa Duchenne kwa watoto wa kiume (nao ni wa misuli, sio wa kwenu). Ina herufi milioni 2 na laki 2, ukishatoa introni zote unabaki na kama 14,000 hivi, vipande 79 vilivyoungwa. Kuinakili mara moja tu kunachukua masaa kama 16, yaani basi limetoka Arua limefika Kampala, limeshusha, limepakia, linakaribia Arua tena na seli bado iko kwenye jeni moja.

Hadi 1977 hakuna aliyejua haya mambo. Kikundi cha Phillip Sharp kule MIT na kingine cha Richard Roberts kule Cold Spring Harbor, wote Marekani, walikuwa wanachunguza virusi vya adeno, hivi vya mafua tu, wakalaza RNA juu ya DNA yake wakaangalia kwa darubini ya elektroni, wakakuta DNA inabenuka vitanzi vitanzi pale inapokosa mwenzake kwenye RNA. Hivyo vitanzi ndiyo introni. Nobel walipewa 1993.

Mkataji mwenyewe anaitwa splaisosomu, na usimfikirie kama protini moja, huyo ni kijiji. Ndani kuna vipande vitano vifupi vya RNA, majina yao U1, U2, U4, U5 na U6, kila kimoja kimevaa protini zake, na ukihesabu protini zote zinazoingia na kutoka kazi ikiendelea zinapita 100. U1 anatangulia, anashika pale gu mwanzo wa introni. Protini nyingine inaitwa U2AF inasoma ile ag ya mwisho, inamwita U2 aje akae kwenye herufi A moja iliyojificha ndani ya introni. Halafu U4, U5 na U6 wanaingia wameshikana, U4 anatoka, na hapo ndipo makali yanafunguka. Introni inakatwa mwanzo, ncha yake inafungwa kwenye ile A, inakuwa kitanzi kama cha kamba ya kukamatia ng'ombe, inakatwa na mwisho, eksoni mbili zinaungwa, kitanzi kinatupwa. Kisha wote wanavunja mkutano wanaenda kujikusanya upya kwenye introni nyingine.

Pembeni kuna wapiga kelele. Protini za ukoo wa SR zinakaa juu ya eksoni zinasema hii ni yetu, msiiache. Nyingine za ukoo wa hnRNP zinasema achana nayo, pita. Nani atashinda inategemea ni seli ya wapi, na ndiyo maana binadamu ana jeni za protini kama 20,000 tu lakini aina za protini ni nyingi kupita hapo. Fundi wa nguo wa pale soko la Owino, Kampala, ukimpa kitenge kile kile cha yadi sita, huyu anakutolea gauni, yule anakutolea mashati na kofia. Hili la wapiga kelele lishike, nitalirudia.

SMN yuko wapi kwenye hiki kijiji? Hayuko. Kwenye kukata kwenyewe wala hashiki makasi. SMN ni fundi wa karakana, yeye kazi yake ni kutengeneza makasi yenyewe. Nje ya kiini, kwenye ule ute wa seli, SMN na wenzake wanamchukua U1, wanamvika pete ya protini saba zinaitwa Sm, wanamchukua U2 vile vile, U4, U5. (U6 ana pete yake ya aina nyingine, muache.) Asiyevikwa pete harudi kwenye kiini, anaozeshwa tu. Kwa hivyo SMN akipungua sio kwamba kukata kunasimama, ni kwamba makasi yanakuwa machache mjini.

Kidogo nje ya mada: hilo jina Sm lilitoka kwa mgonjwa wa lupus, ni herufi mbili za kwanza za jina lake. Watu wenye lupus wengine miili yao inatengeneza kinga inayoshambulia hizi protini za pete, na mwaka 1979 Michael Lerner na Joan Steitz kule Yale walitumia damu ya wagonjwa hao kama ndoano, wakavua wale kina U kutoka kwenye seli. Hivyo kile tunachojua leo kuhusu ugonjwa wa mtoto wenu kilianzia kwenye damu ya watu wenye ugonjwa mwingine kabisa.

Haya, mbona miguu.

Kwanza nikurekebishe kidogo, SMN imepungua mwili mzima wa huyo mtoto. Ini lake lina SMN kidogo, ngozi yake ina SMN kidogo, na watoto wenye aina kali sana ya huu ugonjwa madaktari wamewakuta hata moyo una shida. Tofauti ni nani anaweza kuishi na kidogo. Mafuta yakiadimika nchini, boda wa stage anayebeba watu kutoka sokoni hadi hospitali ataungaunga na nusu lita ya chupa, lakini lori la kwenda Arua halitoki Kampala. Zile seli za neva zinazotoka uti wa mgongo kwenda kwenye misuli ndiyo malori ya mwili. Mwili wa seli yenyewe ni kadogo hata macho hayaoni vizuri, lakini mkia wake kwa mtu mzima unafika karibu mita moja, kutoka mgongoni hadi mguuni, na huko mwisho lazima iendelee kushikana na msuli, ipeleke mizigo, ijenge kiungio, kila siku. Misuli iliyo karibu na kiwiliwili, mapaja na nyonga, ndiyo inaanza kulegea, miguu kabla ya mikono, na ile misuli ya katikati ya mbavu. Seli za akili na maongezi hazijaguswa kwa kiasi hicho, na ndiyo maana anawachosha kwa maneno, muacheni aongee.

Pili, makasi yakiwa machache sio introni zote zinaumia sawa. Kuna introni za kabila dogo, hazifiki hata moja kwa kila 100, zinakatwa na kina U wa pekee wanaoitwa U11 na U12 na wenzao, na hao ndio wanapungua sana SMN ikikosekana. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwa inzi wadogo wa matunda kwamba jeni moja yenye introni ya hivyo, wakaiita Stasimoni, ikikatwa vibaya mtandao wa neva za kutembea unaharibika, wakirudisha jeni hiyo moja mtandao unapata nafuu. Wengine wanasema hapana, kosa kubwa ni kwamba SMN ina kazi ya pili ya kusindikiza RNA kwenye ule mkia mrefu wa seli hadi mwisho, na ikipungua mzigo haufiki. Mimi kwa maoni yangu sioni sababu ya kuchagua moja, lori linaweza kukosa mafuta na kukosa spea siku moja.

Na ujue mtoto wenu hayuko peke yake kwenye kitendawili hiki, magonjwa ya hizi protini karibu yote yana tabia hiyo hiyo. Kuna protini za splaisosomu zinaitwa PRPF8 na PRPF31, ziko kwenye kila seli, lakini ukizaliwa na kosa kwenye mojawapo kinachoharibika ni macho tu, mtu anaanza kutoona usiku kisha uwanja wa kuona unambana kama anachungulia bomba. Juu zile seli za nyuma ya jicho zinajijenga upya kila siku, sehemu kama moja ya kumi ya zile sahani zinazonasa mwanga inabadilishwa kwa siku, kazi hiyo inataka RNA nyingi mno. Kwa wazee wenye aina fulani za ugonjwa wa uboho, damu haikomai vizuri, mwaka 2011 ikaonekana wengi wana kosa kwenye SF3B1 ama SRSF2 ama ile U2AF niliyokutajia hapo juu. Na ule ugonjwa wa neva unaoitwa ALS, ambao mtu mzima anaanza kudondosha vitu na mwisho anashindwa kupumua, karibu wagonjwa wote ukiangalia seli zao unakuta protini TDP-43 imetoka kwenye kiini imejirundika nje kama matope. Kazi yake TDP-43 ni kuziba midomo ya eksoni za uongo, vipande vya takataka vinavyofanana na maneno, visisomwe. Ikitoka, takataka zinaingia kwenye ujumbe. Ule mrundikano wa TDP-43 uligunduliwa 2006.

Sasa turudi kwenye karatasi yenu, juu kuna neno moja pale ambalo daktari alilipita haraka na ndilo lenye habari nzuri: SMN2 kopi tatu.

Binadamu, tofauti na wanyama wengine, ana jeni za SMN za aina mbili. SMN1 ndiyo yenyewe, SMN2 ni nakala iliyokaa jirani. Panya wana moja tu, ukiitoa kabisa kijusi kinakufa mapema sana. Mtoto wenu SMN1 haina kazi kwa pande zote mbili, anaishi kwa SMN2 peke yake. Na SMN2 ni sawa na mwenzake karibu kila kitu isipokuwa, kwa hesabu yetu hapa, herufi moja, ya sita ndani ya eksoni 7, C imekuwa T. Cha ajabu herufi hiyo haibadilishi tofali la protini hata kidogo, ukiisoma tatu tatu inasema kitu kile kile. Inachobadilisha ni wale wapiga kelele. Kwenye SMN1 protini ya SR inashika pale inasema eksoni 7 ni yetu. Kwenye SMN2 inateleza, na yule wa hnRNP A1 anapata nafasi, anasema pita. Splaisosomu inaruka eksoni 7, herufi 54 zinatupwa, inaunga 6 na 8, inatoka protini fupi isiyokaa, seli inaiozesha. Kwa kila RNA kumi za SMN2, kama moja tu ndiyo inatoka kamili.

Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi hii kwenye jeli ya maabara, ile inayotenganisha vipande kwa urefu, vifupi vinashuka chini zaidi. Mara ya kwanza umeme ulikatika usiku, jenereta ikakataa kuwaka, asubuhi friza maji tupu, na RNA inaoza haraka kupita mukene (dagaa) mbichi juani, tukaanza upya. Mara ya pili ikatoka: mistari miwili inang'aa, wa chini mnene, wa juu hafifu kama umechorwa na penseli iliyoisha, na pengo kati yao ni zile herufi 54. Mwanafunzi mmoja akauliza, sasa kumbe mgonjwa dawa anayo ndani mwake, inatupwa tu? Nikamwambia banange, hilo swali ndilo lililozaa dawa.

Kwa hivyo kopi za SMN2 ni muhimu, kila kopi inachangia ile moja ya kumi yake. Mwenye kopi mbili mara nyingi anaugua mapema na vikali zaidi, mwenye tatu mara nyingi anafika kukaa bila kusimama, vile unavyomweleza mtoto, mwenye nne ama zaidi mara nyingi anatembea. Sio sheria ya chuma lakini ndiyo mwelekeo.

Dawa ya kwanza inaitwa nusinersen, ilikubaliwa Marekani Desemba 2016, Adrian Krainer wa Cold Spring Harbor ni mmoja wa walioivalia njuga. Ni kiraka cha herufi 18 kinachobandikwa kwenye introni 7, pale pale hnRNP A1 anapopenda kukaa. Akikuta kiti kimekaliwa anaondoka, splaisosomu inaona eksoni 7, inaiunga. Shida inadungwa mgongoni, dozi nne za kwanza ndani ya miezi miwili hivi, baadaye kila miezi minne. Ya pili ni risdiplamu, ya 2020, ya kunywa kila siku nyumbani, hiyo inamsaidia U1 ashike vizuri mpaka wa eksoni 7 asiachie. Ya tatu haigusi mambo ya kukata, inaleta jeni nzima ya SMN1 ikibebwa na kirusi, mara moja tu. Marekani waliikubali 2019 kwa watoto ambao hawajafikisha miaka 2.

Bei nitakuambia ukweli usije ukazisikia kwingine ukazimia. Ile ya jeni ilitangazwa dola milioni 2.1, ni zaidi ya shilingi zetu bilioni 7. Nusinersen ilipotoka, mwaka wa kwanza wa matibabu ulikuwa dola 750,000. Hizo zilikuwa bei za Marekani dawa zilipotoka, na kampuni zina mipango ya kutoa dawa kwa nchi zisizoweza, inabadilika badilika, kwa hivyo daktari wa neva ndiye aandike barua ya kuulizia, wewe usitume pesa kwa mtu yeyote anayekupigia simu akisema ana njia. Na usisubiri dawa ndipo mtoto ahudumiwe, juu hawa watoto kinachowaua ni kifua. Misuli ya mbavu ni dhaifu, hawezi kukohoa kwa nguvu, mafua ya kawaida yanageuka nimonia. Chanjo zake za utotoni zote apate, mwambie na shangazi. Mtafutieni mtu wa fiziotherapi awafundishe kumnyoosha viungo na kumsaidia kutoa makohozi, mgongo uangaliwe usipinde, na akianza kupaliwa akila msiseme ni kawaida.

Kuhusu uzazi: kila mimba ya wazazi hawa wawili ina uwezekano wa mmoja kwa wanne kupata mtoto mwenye ugonjwa. Wewe mwenyewe dada, kwa kuwa ni tumbo moja na mama wa mtoto, una nusu kwa nusu kuwa umebeba, na hilo wewe halikuumizi, linakuwa shida kwa watoto wako tu kama mwenzako naye amebeba. Ukipimwa, kumbuka kitu ambacho maabara za nje wakati mwingine hawasemi: kipimo kinahesabu kopi za SMN1 kwa jumla, na sisi Waafrika wengi wetu tuna kopi za ziada. Mtu anaweza kuwa na mbili upande mmoja na sifuri upande mwingine, kipimo kinasema mbili, mzima, na kumbe amebeba. Kwa hivyo jibu la "hujabeba" kwetu lina uzito kidogo kuliko kwa Mzungu.

Na kwa vile wewe ni wa West Nile siwezi kumaliza bila malale (ugonjwa wa usingizi). Kimelea cha malale kina njia ya kukata na kuunga ya ajabu kabisa, jeni zake karibu zote hazina introni, ni mbili tu zinazojulikana kuwa nazo, lakini kila RNA yake lazima iungwe kichwa cha herufi 39 kutoka RNA nyingine kabisa, kama mtu anayeshona kola ile ile kwenye kila shati analotoa. Seli zetu hazifanyi hivyo. Kuna dawa inaitwa akoziboroli, inanywewa mara moja tu, inashika makasi ya kimelea yanayoitwa CPSF3 yale ya kukata mkia wa RNA, na hapo hata kushona kichwa kunakwama, kimelea kinakufa. Kwenye majaribio Kongo na Guinea zaidi ya wagonjwa 90 kwa 100 walipona. Bibi zetu wa Busoga walizika watu zaidi ya 200,000 mwanzoni mwa karne iliyopita kwa ugonjwa huu, na malale ya aina ya huko kwenu West Nile, WHO ilithibitisha 2022 kwamba Uganda imeyashusha hadi sio janga la afya ya umma tena. Ile aina nyingine ya upande wa kusini mashariki inataka macho bado.

Kitu cha kufanya wiki hii: hiyo karatasi ya India piga picha kurasa zote, hata ile yenye namba ambazo hazieleweki, weka kwenye simu mbili. Ukienda kwa daktari wa neva wa watoto muulize hivi, kopi za SMN2 ni tatu kwa kipimo gani, kifua chake kikoje akilala, na mgongo upigwe picha lini. Akisema ana haraka mwambie umetoka Arua na basi la usiku.